Vuguvugu Chini ya Mchanga

Nilizaliwa Mpwapwa, karibu na kijito kinachoshuka kutoka mlimani na kutiririka mwaka mzima. Maji yake tuliyajua kwa baridi. Kipupwe kilipoingia, mama akitutuma kuchota alfajiri, tulisimama juu ya jiwe tukisukumana, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie kutia mkono. Vidole vilikufa ganzi kiasi kwamba ukifika nyumbani huwezi hata kufungua fundo la kamba. Nikakua nikiamini kuwa maji ya mto wakati wa baridi ni kitu cha kuogopwa, na kwamba ni hivyo kila mahali.

Kisha nikaolewa upande wa Haneti. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Huko nikakuta mto usio na maji: korongo pana la mchanga mweupe, na miiba kingo zote mbili. Mvua ikinyesha, maji hupita kwa kishindo siku chache, halafu yanazama, na ng'ombe wanavuka bila kulowesha kwato. Siku ya kwanza wifi yangu aliponipeleka kuchota, nilimwuliza mto uko wapi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Umesimama juu yake," akaniambia.

Huyu wifi alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Mume wake alikwenda umanamba kwenye mashamba ya katani, na habari iliyorudi ni ya kifo chake tu. Akarudi kwao akiwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kike katika tembe ya mama yake, ambamo ndimo nilimoletwa mimi kama bibi harusi. Tulilala chumba kimoja cha wanawake, yeye na mtoto wake upande wa ng'ombe, kwenye ukuta uliopakana na zizi, ambako kuna joto, mimi na mama mkwe upande wa pili. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyesema sana. Kiswahili changu cha misheni kilimchosha. Wifi ndiye aliyenifundisha kila kitu, kuanzia namna ya kutwanga uwele wao mpaka namna ya kushuka kisimani.

Kisima chenyewe kilikuwa shimo lililochimbwa katikati ya korongo, limezungushiwa miiba ili mifugo isilivamie. Ukingoni kulikuwa na hori la udongo la kunyweshea. Asubuhi ile ya kwanza ilikuwa ya baridi, upepo wa kusini-mashariki unapiga uwanda wote ule mtupu bila kuzuiwa na kitu, macho yanatoka machozi. Nilishuka nikiwa nimekunja vidole, nikijiandaa kwa maumivu ya kijito cha kwetu.

"Tia mkono," wifi akasema.

Nikatia. Nikautoa haraka, nikautia tena. Maji yalikuwa vuguvugu, kama maji ya kuogea mtoto yaliyosahaulika kidogo. Wifi alifurahi sana kuona uso wangu. Akaniambia mchanga unakunywa jua la mchana kutwa, na usiku mmoja hautoshi kulitapika lote. Baadaye nilizoea kuona mvuke mwembamba ukitoka mdomoni mwa shimo asubuhi zenye baridi kali, na wanawake wakigombea zamu ya kushuka, maana huko chini hakuna upepo. Kwenye kijito cha kwetu tuligombea kutotangulia.

Lakini mama mkwe hakupenda ile furaha yetu. Alikuwa na sheria zake. Anayeshuka avue kaniki yake aiache juu, ashuke na kitambaa kichakavu. Akipanda, avae kikavu kabla hajasema neno. Na daima paletwe kaa la moto ndani ya kigae. "Maji hayana ubaya," alisema. "Ubaya uko hapa juu."

Mwaka ninaousimulia, mvua zilikatika mapema. Uwele ulitoa mabua matupu, mtama haukufika popote. Tulipofika kipupwe tulikuwa tunapika mlenda bila ugali siku nyingine, na maji ya korongo yalikuwa yameshuka mno. Kila baada ya muda tulilazimika kuchimba zaidi, mpaka kisima kikawa na kina cha mwanamke juu ya mwanamke, na bado usingefika juu. Tulichonga ngazi mbili za mchanga. Mmoja alisimama chini kabisa ndani ya maji akichota kwa kata, mwingine katikati akipokea na kupandisha, wa tatu juu akimimina kwenye debe na vibuyu.

Mchanga wenye unyevu husimama kama ukuta. Mwaka ule upepo haukupumzika hata mchana, ukakausha kingo za kisima kwa kina kirefu kuliko tulivyodhani. Kwa nje mchanga ulionekana uleule.

Asubuhi hiyo wifi alikuwa chini, mimi katikati, mama mkwe juu. Tulikuwa tumejaza debe moja. Wifi alikuwa ananiambia habari ya boga aliloliona kwa jirani, jinsi atakavyoliomba bila kuonekana anaomba. Nikainama kupokea kata. Haikusikika sauti yoyote. Ukuta wa upande wa mashariki uliteleza wote kwa pamoja, kama nafaka inayomiminwa kutoka gunia, na nikajikuta nimelalia ubavu, mchanga umenifika magotini, mdomo umejaa.

Mama mkwe alinitupia kaniki ya wifi iliyoachwa juu, nikaishika, akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nilipogeuka kutazama, wifi alikuwa amefukiwa mpaka juu ya kiuno, mikono yake iko huru, nywele nyeupe kwa mchanga. Maji yalikuwa yanapanda polepole kumzunguka.

"Mimi mzima," akasema. "Ni miguu tu imeshikwa. Kaiteni wanaume."

Nilikimbia. Wanaume walikuwa mbali wakichunga ng'ombe, kwenye nyasi zilizobaki, na mpaka nimefika na kurudi na mume wangu na majirani, jua lilikuwa limeshapanda vizuri. Mume wangu alishuka mara moja akaanza kuchimba kwa mikono. Kila alichotoa kilirudi. Mchanga mkavu ulimiminika kutoka juu bila haraka, na kuna wakati ulimfika wifi kifuani, ikabidi wote wasimame bila kutikisika. Jirani mmoja mtu mzima akasema hapana, hivi tutawazika wote wawili. Wakakimbia kwenye tembe, wakang'oa mlango, wakaleta ngozi za kulalia na miti ya zizi, wakaanza kuujengea ule mchanga kizuizi, ubao baada ya ubao. Ilikuwa kazi ya polepole. Hakuna aliyeweza kuiharakisha.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi, niliteremshwa kwa kamba ili nimnyweshe uji. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama mawe ya kijito cha kwetu.

"Mbona umepoa hivi na maji yana joto?" nikamwuliza.

"Mwanzoni yalinipa joto," akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Sasa naona mimi ndiye ninayeyapa."

Alikunywa uji kidogo, mwingine ukamwagika. Akaniuliza kama debe lilianguka. Nikamwambia liko salama juu, limejaa. Akasema vizuri, wapewe wanaofanya kazi.

Wakati huo mtoto wake alikuwa analia nyumbani bila kunyamaza, na msichana aliyeachiwa akaona afadhali amlete kwa mama yake. Tulisikia kilio kikikaribia. Wifi akafumba macho. Nikaona kitambaa chake kinalowa upya kifuani, juu ya mchanga.

"Mwondoeni," akasema. "Maziwa yanatoka. Mwondoeni, tafadhali."

Mama mkwe alimchukua mtoto akaenda naye mbali, nyuma ya miiba. Alimpa titi lake lililokauka miaka mingi. Mtoto alinyamaza kidogo, akadanganyika, kisha akalia zaidi.

Jua lilikuwa limepita utosini walipofika kwenye magoti yake. Wakamfunga kamba chini ya makwapa, mume wangu akashuka akamkumbatia kutoka nyuma, wakavuta. Mchanga ulimwachia kwa mlio wa kunyonya. Wanawake waliokuwa wamekusanyika walipiga vigelegele, na mimi nikapiga, na wifi akatabasamu, ingawa kichwa chake hakikukaa sawa shingoni.

Alipofika juu, upepo ulimpokea. Sheria zote za mama mkwe hazikuwa na maana tena. Kaniki aliyoiacha juu, ile niliyovutwa nayo, ilikuwa imeanguka na kufukiwa kule chini, kaa la kigae lilikuwa limezimika zamani. Wanawake walivua vitambaa vyao vya mabegani wakamzungushia, lakini alikuwa amelowa mpaka mifupani, na upepo ulipita katika vitambaa vile kana kwamba havikuwepo. Alitetemeka mwili mzima. Tukamweka juu ya ngozi, wanaume wakabeba pembe nne, tukaenda mbio.

Nyumbani tulimlaza upande wa ng'ombe. Mama mkwe aliwasha moto mkubwa, akampaka samli kifuani na miguuni, akamkanda. Mume wangu alisimama mlangoni ambapo hapakuwa na mlango. Ulikuwa bado kisimani, umefukiwa nusu.

Halafu kutetemeka kukakoma. Tulifurahi! Sitasahau tulivyofurahi. Tulidhani joto limerudi. Wifi mwenyewe akasema, "Nasikia joto sasa," akaanza kusukuma vitambaa. Tukamrudishia, akavisukuma tena kama mtu aliyelala juani. Akaomba mtoto. Mtoto alinyonya kwa pupa, na wifi akamtazama kwa macho ya mtu aliye mbali. Akasema kitu kwa Kigogo, kwa sauti ndogo ambayo sikuishika, mama yake akamjibu, "Ndiyo, lala."

Ng'ombe waliporudi jioni na kuingia zizini, yule aliyezoea kulala nyuma ya ukuta wa kitanda chake hakutaka kuingia. Mama mkwe akaweka kiganja chini ya pua ya binti yake. Akakiacha hapo kwa muda mrefu. Kisha akamtoa mtoto kifuani pake, akanipa mimi, akasema, "Mshike huyu."

Tulimzika asubuhi, upepo ukivuma. Wachimbaji wa kaburi walisema ardhi ni ngumu, na nikakumbuka jinsi ile nyingine ilivyokuwa laini.

Siku chache baadaye jumbe alikuja na tarishi kutoka boma. Tarishi alikuwa kijana aliyevaa vizuri, ana adabu, akamsalimu mama mkwe shikamoo akiwa amevua kofia. Akasema bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, amesikia habari ya ajali, amesikitika, na ameamuru kisima kifukiwe ili kisiue mwingine. Watu wachote bwawani. Bwawa hilo lilikuwa mwendo wa kutoka asubuhi na kurudi jioni, na sote tulijua limebaki tope lenye nyufa.

"Tunywe nini?" mama mkwe akamwuliza.

Kijana akatazama kofia yake. "Mama, mimi nimetumwa kusema hayo tu."

Wanaume wakafukia kisima yeye akitazama. Ilichukua muda mfupi, mchanga ulikuwa tayari kwenda. Mama mkwe akampa maji ya kunywa kabla hajaondoka, yale yaliyobaki kwenye kibuyu, naye akayanywa yote kwa sababu alikuwa na kiu na hakujua kuwa ndiyo ya mwisho.

Kesho yake tukachimba kingine, hatua chache kuelekea juu ya korongo. Safari hii tulikichimba kwa upana, kwa mteremko, na mume wangu akakijengea kingo kwa miti ya zizi. Ng'ombe wakalala zizi lenye mianya, fisi akachukua ndama, lakini hakuna aliyelalamika. Kisima kilipofika kwenye maji, hakuna aliyetaka kutangulia. Nikavua kaniki, nikashuka, maana mtu alipaswa kushuka, na mama mkwe alikuwa na mtoto mgongoni.

Maji yalikuwa vuguvugu vilevile. Niliyachukia kwa sababu hiyo. Nilitaka yawe ya baridi, yaume, yaonyeshe kitu. Nilichota huku nalia, nikipandisha kata baada ya kata, na aliyepokea juu yangu alijifanya hasikii.

Mtoto hatukutegemea afike masika. Alikataa maziwa ya mbuzi, akayatapika, akakonda mpaka masikio yakaonekana makubwa. Mama mkwe alimlaza kifuani pake ngozi kwa ngozi kipupwe chote kilichobaki, na mimi nilimdondoshea maziwa mdomoni kwa kidole. Mvua zilipokuja, akaanza kushika kijiko. Nilipata wanangu baadaye, lakini yeye ndiye aliyenifanya niitwe mama katika nyumba ile.

Kucha mbili alizozivunja mume wangu mchangani ziliota vibaya, na nilipomkata kucha, nikifika kwenye hizo aliuvuta mkono, akazikata mwenyewe.

Yule binti wa wifi alipokuwa mkubwa, karibu kuolewa, tulikuwa tunapalilia pamoja, akaniuliza kama mama yake aliteseka. Nilikuwa nimeandaa uongo miaka mingi. Nikaona haya kuutumia. Nikamweleza yote, baridi, uji, maziwa, namna alivyosukuma vitambaa. Alisikiliza huku jembe limesimama mkononi. Mwisho akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: mama yake alikuwa na sauti ya namna gani?

Nikamwambia ilikuwa nene kidogo, na alikuwa akianza kucheka kabla hajamaliza maneno. Akaniomba nimwigizie. Nikajaribu, nikajaribu tena. Haikuwa hiyo. Tukaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari.