Hata Yeye Ana Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja baba mkwe wangu alipoacha majani yake kwenye kituo cha kununulia chai, kule Gesima, akaondoka bila kumuaga mtu. Hakuwa mzee wa kuacha majani. Chai ikishachumwa haingoji, na yeye alikuwa mtu wa kugombana na karani wa mizani kwa ajili ya tawi moja lililodondoka njiani. Kwa hiyo watu walipomwona anaweka kikapu chini na kupanda mlima kurudi nyumbani kabla ya kupimiwa, walijua limemfika jambo. Tena walidhani wanajua ni jambo gani, maana redio ya karani ilikuwa imewashwa, na sauti iliyokuwa ikitoka humo ilikuwa yangu.

Mwanangu, nimeikumbuka asubuhi hiyo kwa sababu ya simu yako ya juzi. Ulinipigia unalia, ukaniambia jinsi ulivyomhoji yule mheshimiwa kwenye kipindi chako cha televisheni cha jioni, ukamrudishia swali mpaka akalijibu. Mwenzako wa kiume hufanya hivyo kila wiki na watu humwita shupavu. Wewe wamekuita mkali, msichana asiye na adabu, wengine wameacha swali lako kabisa wakaanza kujadili nywele zako na kwa nini hujaolewa. Sasa wakubwa wako wamekuita ofisini Jumatatu, na wewe unataka kuandika barua ya kuacha kazi kabla hawajasema neno. Ukaniuliza, "Shangazi, si niache tu?" Sikukujibu. Haya si maneno ya kupitishia kwenye simu inayokatikakatika. Nimeona nikuandikie polepole, na wenzako wakitaka wasome, wavulana kwa wasichana, wasome.

Wewe umenijua nikiwa na mvi, hukuijua sauti yangu ya ujana. Redio za lugha yetu zilikuwa bado changa wakati ule, nami nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi pale Kisii mjini, pamoja na kijana mmoja aitwaye Makori. Makori alikuwa na kipaji, siwezi kumnyima haki yake. Angeweza kuwachekesha hata waombolezaji. Ila mzaha wake ulikuwa na njia moja tu, nayo ilipita vyumbani mwa watu: wanawake wanene, wanawake wembamba, nani anamnyima nani kitanda. Watu walicheka wakiwa shambani, dukani, mpaka kwenye ofisi za serikali kule Nyamira. Hakuna aliyewahi kumuuliza, "Wewe kijana, wazee wako wanakusikia?"

Asubuhi hiyo tulikuwa na mgeni, muuguzi, amekuja kuzungumza juu ya afya ya mama baada ya kujifungua. Muuguzi hajamaliza, Makori akaingilia akasema mke anayemnyima mumewe arudishwe kwao na ng'ombe wa mahari warudi zizini. Simu zikaanza kuingia, vicheko kila upande. Nami nikasema. Nilisema kwamba nilipojifungua mtoto wangu wa tatu niliumia, nikakaa miezi siwezi kuvumilia hata kuguswa, na katika boma zima hakuna aliyewahi kuniuliza naumwa wapi. Nikasema mwanamume na amuulize mkewe kwanza, ndipo adai. Basi. Sikutukana mtu, wala sauti sikuipandisha.

Labda wewe uliyekulia mjini hujui uzito wake. Sisi tuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, ni heshima, ni mpaka kati ya kizazi na kizazi. Baba mkwe haingii katika nyumba ya mke wa mwanawe. Mimi sikumpa mkono yule mzee hata siku moja, wala sikukaa mahali alipokaa yeye. Mambo ya kitanda hayatajwi kati yetu, hata kwa mafumbo. Na mimi nimeyataja yeye akiwa amesimama kwenye foleni, katikati ya wazee wenzake, na redio imefunguliwa hadi mwisho.

Habari hazina miguu lakini hukimbia. Kabla sijatoka kazini nilikwisha ambiwa kwamba nimemvua nguo mkwe wangu hadharani. Meneja wetu, mtu muungwana ila aliyeogopa simu za wasikilizaji kuliko radi, akaniita.

"Dada, watu wamelalamika sana," akasema. "Pumzika kwenye mjadala. Kuanzia kesho utasoma salamu na bei za sokoni."

"Na Makori je?"

"Makori anachekesha tu."

Sijalisahau jibu hilo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yeye alipoingia vyumbani mwa watu akicheka, ilikuwa burudani. Mimi nilipotoka chumbani mwangu nikisema ninaumwa, ikawa laana. Nilirudi Gesima nikiwa nimekwisha amua. Nilimkuta mama mkwe jikoni akimenya ndizi, nikachukua kisu nikamsaidia, nikamwambia nitaacha kazi, nitachuma chai kama wanawake wengine. Alinitazama kwa upole ambao sikuuelewa, kisha akasema tu, "Ngoja omogaka aseme." Omogaka ni mzee mwenye boma, yaani mumewe.

Jumapili wakaja. Shemeji yangu mkubwa, Ombati, alileta binamu zake, wakaketi uani mbele ya baba yao. Mimi nilikuwa jikoni na mama mkwe, mlango uko wazi, na ninadhani Ombati alitaka nisikie. Alisema kwa ufasaha, kwa kweli. Alisema mwacha asili ni mtumwa, kwamba boma letu limekuwa kichekesho mpaka Keroka, na kwamba baba aniamuru niache redio, au mume wangu anikataze. Mume wangu alikuwapo, ameinamisha kichwa. Alikuwa mwalimu, mtu mwema, lakini mbele ya kaka zake alikuwa mdogo siku zote.

Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Yule kijana anayetangaza naye, ameoa?"

"Ameoa," Ombati akasema. "Mkewe ni wa Nyamira."

"Kwa hiyo ana mama mkwe."

Mzee akawatazama mmoja mmoja.

"Na huyo mama mkwe, ana redio?"

"Baba, huyo kijana si wetu. Tunazungumza juu ya mke wetu."

"Ninyi mmekuja kunieleza juu ya ensoni," mzee akasema. "Nawauliza juu ya ensoni. Mwanamume anamstahi mama mkwe wake kama mke anavyomstahi baba mkwe. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Huyo kijana anasema yale anayosema kila asubuhi, mama wa mkewe akikaanga mboga anamsikia. Ni nani kati yenu aliyewahi kuona haya kwa niaba yake? Wewe Ombati, si nilikusikia ukicheka pale kwenye mizani?"

Ombati akatazama viatu vyake. Mzee akaendelea, na sasa sauti yake ilishuka kiasi kwamba nililazimika kuacha kumenya.

"Mnasema niliondoka kwa aibu. Ni nani aliyeniuliza? Omong'ina huyu, mama yenu, alinizalia ninyi nyote. Baada ya kila mmoja wenu nilirudi kwake kama mtu anayerudi shambani kwake. Siku hiyo nimesimama na kikapu, nikasikia mtoto wa watu akisema hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Nikaona mimi pia sijawahi kuuliza. Nikaenda nyumbani kumuuliza mama yenu. Majani yangeweza kungoja."

Mama mkwe aliweka kisu juu ya maganda. Hakulia. Alijifuta tu mikono kwenye leso, taratibu, kidole kimoja kimoja, na mimi ndiye niliyelia, nikasingizia moshi.

Kesho yake akaja kwangu. Hakuingia. Alisimama nje ya ukuta karibu na dirisha, mimi nikiwa ndani, tukazungumza bila kuonana, kama ilivyo desturi.

"Mama Nyaboke, nasikia unaacha kazi."

"Ndiyo, baba. Sitaki kuwaletea aibu."

Sasa nikuambie kweli, nilitarajia kubembelezwa. Baada ya maneno yale ya jana, nilidhani amekuja kunifariji. Badala yake alinikemea.

"Ni nani aliyekufukuza? Umeambiwa usome salamu, na wewe tayari umekunja mkeka. Waliokukosea hawajachoka, umechoka wewe. Heshima si utumwa. Mimi siingii katika nyumba yako, hiyo ni heshima yangu kwako. Wewe hunipi mkono, hiyo ni yako kwangu. Inakwenda na kurudi. Ikiwa inakwenda tu hairudi, hiyo si heshima, mtu amekudanganya jina." Kisha akasema, "Kesho nenda kazini. Kasome hizo salamu, na uzisome vizuri."

Nikaenda. Nilikuwa nimekaa nje ya studio, nikingoja zamu yangu, naye Makori yuko ndani peke yake akiuendesha mjadala. Akapokea simu.

"Karibu, tata, baba yangu, uko hewani. Unaitwa nani?"

"Mimi ni mzee kutoka Gesima. Nina swali dogo. Wewe umeoa?"

"Nimeoa, tata, tena vizuri," Makori akasema akicheka.

"Mama mkwe wako yu hai?"

"Yu hai, anatusikiliza sasa hivi. Hakosi kipindi."

"Basi msalimie. Halafu ule mzaha wako wa mke anayemnyima mumewe kitanda, urudie. Mwelekezee yeye. Tunasikiliza."

Mwanangu, wewe unaijua kazi hii. Unajua kimya kwenye redio ni kama shimo barabarani, kila mtangazaji hukimbilia kulifukia. Nilimwona Makori kupitia kioo akifungua mdomo, akaufunga. Akashika karatasi, akaiacha. Mzee hakumsaidia. Alingoja tu, na ninaamini kila aliyekuwa na redio katika Kisii na Nyamira alingoja pamoja naye. Hatimaye Makori akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Tata, siwezi."

"Vizuri. Basi una ensoni. Nilidhani mmewaachia wanawake peke yao. Na yule mwenzako aliyesema kweli, kiti chake kimekaliwa na nani?" Akakata simu.

Waliofuata kupiga walikuwa wanawake. Mmoja muuza mitumba wa Keroka, mmoja mwalimu, mmoja bibi ambaye hakutaka kutaja jina, aliyesema tu kwamba tangu ujana wake anaumwa mgongo na leo ndiyo mara yake ya kwanza kumwambia mtu. Meneja alitoka ofisini mwake, akasimama mlangoni, akaniambia niingie.

Usidhani baada ya hapo mambo yalikuwa asali. Wako waliozima redio kila waliposikia sauti yangu, na hadi nilipostaafu walikuwapo waliosema nimeharibu wake za watu. Makori hakugeuka malaika. Ila alijifunza kulimeza neno likiwa bado kinywani, na miaka ya baadaye aliniambia mwenyewe kwamba mama mkwe wake alikaa miezi bila kupokea simu yake. Tulicheka sana. Tulibaki marafiki.

Sasa nasaha yangu ni hii. Adabu usiitupe. Watakuambia ili uwe huru uwe kama Makori, mdomo bila mlango. Hapana, debe tupu haliachi kuvuma. Lakini mtu akikuletea adabu, muulize kama ameileta kwa wote. Jumatatu ukikaa mbele ya wakubwa wako, usilie, na usigombe. Waulize neno moja tu: yule mwenzako alipouliza swali kama langu, mlimwita ofisini? Kisha nyamaza. Waache wao ndio watafute cha kusema. Barua ya kuacha kazi usiiandike. Wakitaka uondoke, waandike wao, tena waandike na sababu, ili tuisome.

Nanyi wavulana mnaosoma haya, msijione mko salama kwa kuwa hamkuyasema ninyi. Ombati hakusema kitu kwenye mizani, alicheka tu. Ukiwa mezani na mwenzako wa kike akahukumiwa kwa mizani isiyokupima wewe, kimya chako nacho ni kura. Na mkifika nyumbani, ulizeni wanaumwa wapi. Yule mzee aliuliza akiwa na mvi, na mama mkwe wangu aliniambia kwamba miaka waliyobakiza pamoja ilikuwa mitamu kuliko yote.

Binti wa ndugu yangu, wewe huna baba mkwe bado wa kukupigia simu. Lakini wazee hawamaliziki, huachiana zamu, na zamu hii imenifikia mimi. Jumatatu jioni nitakaa mbele ya televisheni yangu hapa Gesima. Nikikuona, nitazima taa nilale. Nikiona kiti chako kina mtu mwingine, nina simu, nina salio, nina majirani wengi ambao nao wana simu, na sina haraka.

Nyasae, Mungu wa babu zetu, akupe sauti isiyotetemeka na moyo usiokauka. Akupe mume, ukimtaka, atakayekuuliza kabla hujaumwa. Wale wanaokuita mkali awajalie mabinti wakali. Nenda, mwanangu, ukakae kwenye kiti chako.