Betri Zilizolala Msibani

Sifa zote zimrudie Mungu, aliyetupa masikio kabla hatujajua kusema, na aliyenifikisha umri huu nikiwa bado nayatumia yote mawili. Simdai kitu. Amenipa mvua, amenipa mwaka wa njaa na kunivusha, amenipa wajukuu wanaonisalimia kwa heshima hata wakiwa na haraka. Basi asinihesabie ubaya nikisema leo kwamba nina kinyaa. Nimekaa nacho tangu tulipomzika jirani yetu kule Misigiri, na nimeona heri nikitoe kwa kalamu kuliko kukitoa kwa ulimi mbele ya watoto.

Wewe unayesoma safu yangu hii ndogo katika gazeti la kanisa unajua kazi yangu ni kuandika habari za nyimbo. Zamani ili nisikie kwaya mpya ilinibidi nipande basi. Sasa nyimbo zinanifuata kwenye simu, nikiwa nakunywa uji. Unaletewa kipande kifupi kama kupiga chafya, cha kuchezea kiuno, sauti imepitishwa kwenye mashine mpaka mwimbaji anasikika kama nzi ndani ya chupa. Chini yake watu wameandika maneno ambayo mama zao wasingeyarudia. Ukimaliza kimoja kinajileta kingine, bila hodi. Na kwaya zetu nazo zimejifunza. Juzi nilikuwa kwenye bajaji nikielekea Singida mjini, tukapita kwaya nzima imepanda juu ya mawe makubwa ya kando ya barabara, sare mpya, mikono juu, midomo wazi, wala hakuna aliyetoa sauti. Sauti walikwisha kuirekodi studio. Pale walikuwa wanapigwa picha tu.

Dereva akapunguza mwendo. "Mzee, hawa wamepatwa na nini?"

"Wanaimba," nikamjibu. Akanitazama kwenye kioo, akaona nimeudhika, akaongeza mwendo.

Lakini hayo nimeyavumilia. Ya msibani ndiyo yaliyonishinda.

Jirani yetu alikufa uzeeni, kwa amani, na mkewe amemshika mkono. Nilifika asubuhi ya maziko nikakuta turubai limefungwa, wanawake wanasonga ugali nyuma ya nyumba, na karibu na jeneza, juu ya kiti cha plastiki, kumewekwa spika. Nikauliza kwaya iko wapi. Kijana mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Babu, hatukuisumbua kwaya. Nyimbo zote zimo kwenye simu."

Mwenye simu alikuwa mjukuu wa marehemu, binti anayeishi mjini na kujipatia riziki mitandaoni. Alikuwa ameinyanyua juu, anajitazama humo, huku jeneza la babu yake likionekana begani kwake. "Familia yangu, ndiyo tuko msibani hapa, tumempoteza babu yetu kipenzi, nipeni komenti zenu." Akageuka, akanivuta na mimi niingie kwenye picha. "Na huyu ni rafiki wa babu! Babu, wasalimie!" Nikajikuta napungia mkono watu nisiowajua, niko kilioni. Mungu anisamehe, mkono ulinyanyuka wenyewe.

Tulipofika kaburini, mjane aliomba kitu kimoja tu. Alisema, "Niimbieni ule wa ungo, ndipo mfukie."

Vijana wakatazamana. Binti akaanza kuutafuta kwenye simu. Nami, rafiki yangu, ngoja nikueleze ni wimbo gani alioutaka, maana hapo ndipo nilipopotelea kwa muda, nikarudi kuwa mtoto wa miguu yenye vumbi.

Jirani yetu alikuwa kijana aliporudi kutoka Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Wenzake walirudi na baiskeli na mablanketi. Yeye alirudi na redio. Mkewe, ndiye mjane wa leo, aliizunguka ile redio mbele ya watu wote, akamwuliza, "Na hiki nacho kinajua kupalilia?" Kijiji kilicheka wiki nzima. Lakini jioni ilipolia mara ya kwanza, yeye ndiye aliyekuja mbio na mikono yenye unga.

Ilikuwa redio moja kwa kijiji chote, na betri zake, sisi tukiziita mawe, zilikuwa ghali na za mbali. Kwa hiyo zilitunzwa kama mbegu. Zikichoka, jirani alizitoa na kuzianika juu ya tembe letu, kwa kuwa letu ndilo lililopata jua zuri. Nyumba zetu zilikuwa na paa bapa la udongo, na juu ya paa hilo vilianikwa vitu vyote vya maisha yetu: majani ya mlenda, maboga, uwele, na katikati yake zile betri zimepangwa kama ndugu waliolala. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku. Bibi yangu, akiwa chini anapepeta, alinipigia kelele, "Usiziguse kwa mikono yenye mafuta!" kana kwamba yeye ndiye aliyeziunda. Jioni zilirudi ndani ya redio zikiwa za moto, na mtangazaji aliyekuwa akinong'ona jana akawa na kifua kipya. Sasa watu wanalala na simu zimechomekwa ukutani, usiku kucha zinanyonya, na asubuhi wanazifungua watazame mtu kamwagiwa maji akiwa amelala. Betri zote hizo! Sisi kwa betri nne tulisikiliza taarifa, matangazo ya vifo, na nyimbo kidogo Jumamosi, kisha jirani alifunga, hata kama wimbo ulikuwa mtamu. Hasa kama ulikuwa mtamu. Tulikwenda nyumbani tukiumalizia wenyewe.

Na alikuwa na desturi yake. Sijui aliitoa wapi, kwa Wanyiramba wenzetu sijaiona kwingine. Mtu akifa kijijini, jirani aliifungua redio kwa sarafu, akatoa betri, akazifunga kwenye kitambaa na kwenda kumkabidhi mfiwa. Si kuizima tu. Alisema redio iliyozimwa mtu anaweza kuiwasha. Betri zililala nyumba ya msiba mpaka siku ya kuanua matanga, ndipo mfiwa mwenyewe alipozirudisha mkononi mwake. Kwa namna hiyo aliyefiwa ndiye aliyeamua kijiji kianze tena kucheka.

Mwaka mmoja mwalimu wetu wa kwaya alitunga wimbo wa mavuno. Kiitikio chake kilisema, "Umeujaza ungo wetu, Bwana." Gari la redio lilikuwa limekuja Kiomboi kurekodi kwaya, nasi tukaenda kwa miguu, wakubwa na watoto, viazi vya kuchemsha mfukoni. Mimi niliimba sauti ya kwanza. Tuliambiwa tutasikika. Wiki zikapita, mpaka jirani akaja akikimbia kutoka kwake na sufuria mkononi, amesahau kuiweka chini: mtangazaji amesema Jumapili mchana, kwaya kutoka Iramba!

Sijui nikueleze vipi wiki ile. Betri zilianikwa kila siku, zikageuzwa upande huu na huu. Bibi aliniogesha kwa jiwe la kusugulia miguu kana kwamba redio ingenionyesha. Mwalimu wa kwaya alipita nyumba kwa nyumba kutukumbusha jambo ambalo hakuna aliyelisahau.

Jumapili hiyo asubuhi, mke mmoja kijana, aliyekuwa akiimba sauti ya pili pamoja nasi, alifiwa na kichanga chake. Mtoto wa siku chache, hata jina hakuwa nalo. Msiba wa kichanga kwetu ulikuwa mfupi. Wanawake wachache walizika, wengine walirudi kwenye kazi zao. Hakuna aliyefikiri kuhusu redio, mpaka tulipomwona jirani anapita na kitambaa chake mkononi.

Mwalimu wa kwaya alimkimbilia njiani. "Bwana we, leo? Ni sisi leo! Ni kwaya yetu!"

"Najua."

"Saa moja tu. Tusikie, kisha uzipeleke."

Jirani hakusimama. Tulimfuata wote, kama watu wanaofuata nyuki. Alifika kwa yule mama, akapiga goti, akamnyooshea kitambaa. Hata yule mama alikataa. "Shemeji, rudisha tu. Ni kichanga. Msikie wimbo wenu."

"Mtu amekufa, shemeji," alisema jirani. "Shika."

Akashika. Basi hatukuondoka. Tulikaa chini uani pale pale, kwaya na kijiji, tukasubiri saa yetu ifike na kupita. Mwalimu alikuwa akikitazama kivuli cha mti wa uzio. Kilipofika mahali fulani alishika kichwa, nasi tukajua kwamba wakati huo Dodoma wanatusikia, Mwanza wanatusikia, na sisi tunasikia upepo na kuku. Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Wimbo haukupigwa tena, wala hatujausikia redioni hadi leo. Njiani kurudi nililia, na bibi alinifuta pua kwa khanga akasema, "Tulimwimbia nani? Si Mungu? Yeye hana redio, na amesikia."

Huo ndio wimbo aliouomba mjane.

"Bibi, nimeupata!" binti alisema kaburini, na uso wake uling'aa kwa kweli, alitaka kumfurahisha bibi yake, hilo simnyimi. Akabonyeza. Na kutoka kwenye spika, juu ya shimo lililo wazi, ikatoka sauti ya mwanamume wa matangazo ya kamari anayepiga kelele: weka mkeka wako leo, ushinde mamilioni, bonasi ya bure kwa wateja wapya! Muziki wa kucheza ukafuata. Vijana wawili watatu waliachia kicheko, wakakimeza. Binti akabonyeza na kubonyeza, kitu hakizimiki, "Ngoja, ni tangazo tu, linaisha sasa hivi." Nilihisi kinywani ladha ya karanga iliyooza, ile ambayo ukitema bado ipo.

Mjane alimwambia mwanamke wa karibu, "Niletee ungo."

Ukaletwa, bado una pumba. Akaushika kwa mikono yake miwili, akaanza na binti.

"Weka."

"Bibi, niko laivu! Watu wa Dar wananiangalia, wa Mwanza…"

"Wanataka kuzika?"

"Hapana, Bibi, wanaangalia tu."

"Wakitaka kuzika, waambie majembe yako pale. Weka."

Binti akaweka. Mjane akazunguka kaburi la mumewe, mtu mmoja baada ya mwingine, na ungo ukajaa. Mmoja alijaribu kusema yake imezimwa. "Babu yako alisema iliyozimwa inawashwa," alijibiwa. Mzee mmoja akauliza, kwa nia njema, kwa nini wasitoe betri tu kama zamani. Vijana wakamweleza kwamba simu za leo hazitolewi betri. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna nyumba zisizo na mlango. Mjane akazifunika simu kwa khanga yake, na chini ya khanga zikawa zinatetemeka, zinaunguruma, kama mende kwenye unga. Sijaona kitu kibaya kama kile. Kijana mmoja akaizima spika.

Ikawa zamu ya kuimba, na nilijua kwa nini hakuna aliyeanza. Mwalimu wa kwaya alikufa zamani. Katika waliotembea kwenda Kiomboi tumebaki wa kuhesabika, na mimi, ninayejiita mwandishi wa nyimbo, nilitafuta ubeti wa kwanza sikuupata. Niliona mjane ananitazama. Nikaona mumewe anakwenda ardhini bila wimbo alioyanyima masikio yake kwa ajili ya mtoto wa watu.

Aliyeanza alikuwa nyuma yangu. Sauti ya kizee, imepasuka, na alianzia sauti ya pili, kwa maana ndiyo aliyofundishwa. Niligeuka. Alikuwa yule mama wa kichanga, amekaa kwenye nyasi na fimbo yake. Aliimba mstari wote peke yake, na ubeti ukanirudia mdomoni kama mtu aliyeitwa. Nikashika sauti ya kwanza, nzito sasa, si pale juu ilipokuwa utotoni. Wazee wakaja mmoja mmoja. Kwenye kiitikio vijana walikuwa wamekwisha kukishika. Binti naye aliimba, mikono yake haijui pa kukaa. Tulifukia tukiimba.

Siku ya kuanua matanga nilikwenda tena. Mjane alikuwa ameketi na kitambaa mapajani. Asubuhi aliyokufa mumewe, kabla hajaita mtu, alikuwa ameifungua ile redio kwa sarafu na kutoa betri. Hata mwaka huu bado alikuwa nazo mzee yule, bado alianika. Sasa matanga yameanuliwa, betri lazima zirudi kwa mwenye redio.

"Mwanangu," aliniambia, "nimrudishie nani?"

Yule mama wa kichanga, aliyekuwa ameketi kando yake, alinyoosha mkono. "Nipe mimi," alisema. "Ziliwahi kulala kwangu."

Nimerudi nyumbani na simu yangu inalia kama kawaida, inaniletea viuno na mabonasi. Tembe letu lilibomoka, sasa pana bati, na juu ya bati hakuna anayeanika kitu. Binti aliniandikia akiniomba tuuimbe tena ule wimbo ili aurekodi. Sijamkubalia. Nimemwambia tu aje, tena aje mikono mitupu, akae chini na yule mama, ajifunze sauti ya pili.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujaze ungo wako, akupe jirani wa kukunyamazia siku ya kilio chako, na siku yako ya mwisho asikose mtu wa kuanza wimbo. Amina.