Sahani ya Nurudin

Nurudin, muuza vitambaa wa Bagamoyo, alikula peke yake miaka kumi na mmoja. Mkewe Nasim na watoto walizunguka sinia moja, yeye akachukua sahani yake na kuketi mlangoni. Alisingizia vidonda vya tumbo. Nasim, maskini, akaacha kabisa kutia pilipili kwenye chungu chake, hata watoto waliponung'unika.

Ukweli ni kwamba Nurudin alichangia damu msikitini, akaambiwa kundi lake ni AB. Mwezi uleule fomu ya shule ya binti yao Inaya ikaandikwa O. Alimwuliza muuza dawa mmoja tu, akajibiwa baba wa AB hazai mtoto wa O. Basi! Hapo hapo akamhukumu Nasim, mtoto wa ami yake mwenyewe, bila kumwuliza neno. Mwanamume mwenye ulimi wa kumjibu mteja yeyote!

Wiki iliyopita pikipiki ilimwangusha Inaya njia ya Kiwangwa, paja likavunjika vibaya. Bila damu hapasuliki. Hospitalini damu ya O ilikuwepo, lakini kila waliyoichanganya na yake iligandana vibonge. Chupa sita! Nurudin alijiambia miaka yote kwamba huyu si wake, na sasa hakubanduka mlangoni pa maabara.

Kulwa, mtaalamu wa maabara, akawapima damu wazazi, kisha akawaita.

"Shikamooni. Binti yenu si O. A na B hujengwa juu ya msingi, naye hana msingi huo. A au B aliyorithi kwako, baba, anayo, ila haina pa kukaa, ndiyo maana haionekani. Nyote wawili mmebeba kasoro hiyo kimyakimya, nadhani kutoka kwa babu yenu mmoja. Ni damu adimu mno. Leteni ndugu zake."

Nurudin alitoka mbio kumwita mwanawe mkubwa.

Kaka mtu, Rehan, akapimwa: naye ni vilevile. Alitoa damu, Inaya akapasuliwa, akaamka akaomba chai.

Siku ya pili, mchana, Nasim alipotandika sinia, Nurudin aliketi kando yake akamweleza yote, akilia. Mkono wa Nasim ulisimama juu ya wali.

"Kwa hiyo tumbo halikuwahi kukuuma?"

"Halikuwahi."

Nasim akainuka, akaichukua sahani ya mumewe, akaipakulia wali, akaenda kuiweka mlangoni, palepale pake.