Treni ya Kadi

Safari ya kutoka Kalenga hadi Mbeya niliifanya nyuma ya lori, juu ya magunia ya mahindi, nimejifunika koti la baba. Baba alikuwa amepata kazi kwenye reli mpya ya kwenda Zambia. Mama alibaki kumuuguza bibi, ambaye alikuwa hawezi hata kugeuka kitandani. "Nenda ukasome, nitakufuata," aliniambia. Vumbi la njiani lilinijaa masikioni. Nimehama miji mingi tangu hapo, lakini nikinusa gunia la mahindi bado namwona akipunga mkono.

Mama hakunifuata. Misimu ya viazi ikapita, na baridi ya Mbeya ikaanza kunizoea. Kwa hiyo, ndugu yangu, utaelewa jinsi moyo ulivyonidunda siku mwalimu wa hesabu alipotangaza kwamba shule yenye halaiki bora itapelekwa Iringa kwenye sherehe. Iringa! Kutoka pale ningeenda Kalenga hata kwa miguu.

Halaiki yetu ilikuwa picha ya treni inayotembea. Tulikaa kwenye ngazi za uwanja wa mpira, kila mtoto na kadi mbili: ya kijani, iliyosuguliwa majani ya maboga, na nyeusi, iliyopakwa masizi yaliyokorogwa kwenye uji mwepesi. Timu ya juu walikuwa mabehewa, sisi wa chini magurudumu. Mwalimu alisimama uwanjani na kuinua kibao chenye namba. Kila mtoto alitoa namba ile kwenye namba ya safu yake. Kwetu magurudumu, ikibaki moja au tatu, unainua nyeusi, vinginevyo kijani. Mimi nilikuwa safu ya saba. Kibao kikisema nne, mimi ni gurudumu; kikisema tano, mimi ni majani. Filimbi ikilia, namba inapanda, na treni inasogea.

"Msikariri," mwalimu alituasa kila siku. "Namba ikibadilika, na wewe badilika."

Mabehewa hawakumsikia. Walitunga wimbo wa nyeusi na kijani, wakauimba mpaka ukawaingia damuni, kisha wakatucheka: "Nyie wahesabu vidole, treni itawaacha!" Kiongozi wetu, msichana wa Tukuyu mwenye sauti kali, aliwajibu, "Imbeni tu, kwaya ya mabehewa."

Siku ya kuchaguliwa, ukungu ulishuka kutoka mlimani na masizi yakaanza kuchuruzika viganjani. Treni ilipita vizuri. Afisa aliyekuja kutupima akapiga makofi, kisha akasema, "Sasa irudi."

Hatukuwahi kufanya hivyo. Mwalimu akaanza kushusha namba. Juu yetu wimbo ulikwama, kwani hakuna aliyeweza kuuimba kinyumenyume. Kiongozi wetu alinong'ona, "Toeni! Toeni tu!" Magurudumu yakarudi peke yake, mabehewa yakatawanyika kama kuku.

Afisa alicheka mpaka akashika tumbo. "Mabehewa yamebaki Zambia!"

Nilihisi Iringa ikiniponyoka. Mwalimu akaomba nafasi moja tu. Akatuchanganya: kila mtoto wa behewa akakaa bega kwa bega na wa gurudumu. "Acha wimbo," nilimwambia mwenzangu wa behewa, meno yakigongana. "Tazama kibao. Toa." Midomo yake ilitetemeka, lakini wimbo haukutoka. Filimbi ikalia. Namba ikashuka, na treni ikarudi nzima.

Iringa tulicheza vizuri, na mama, aliyesikia habari zetu huko Kalenga, alikuwepo. Aliniona viganja vyeusi akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, fundi mkaa," kisha akaniosha kwa maji ya moto, polepole, kidole kimoja kimoja. Bibi alikuwa amezikwa wiki ile. Mama hakutaka kulala peke yake, wala mimi sikutaka kumwacha.

Asubuhi niliwapungia mkono wenzangu kwenye lori, na Mbeya sikuishi tena. Uwanja ule siku hizi una nyasi ndefu. Lakini kwa muda, najua, kulikuwa na treni iliyotembea na tundu kwenye safu ya saba.