Wenye Kibuyu

Mimi na kimbelembele changu! Miaka ile ya ujamaa, kule Kamachumu, tulikusanyika kwa balozi wa nyumba kumi kusikiliza masomo ya afya redioni. Mimi, mkamwana niliyemaliza darasa la saba, ndiye niliyewasomea wenzangu kijitabu. Kijitabu kilisema vijidudu ni adui, basi nikarudi nyumbani kumtafuta adui.

Nikamkuta kwenye kibuyu cha mama mkwe. Ndicho alichogandishia maziwa, na hakukiosha kwa sabuni hata siku moja. Alikisuuza kwa maji, akakifukiza moshi wa nyasi, basi. Alipokwenda kanisani nikakisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka kikanukia kama shati la mwalimu. Nilijisikia raha, jamani.

Wakati huo mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza dawa kali za zahanati. Homa ilikwisha, lakini tumbo likaanza kuharisha. Uji alitema, ndizi alitema. Alichokubali ni mtindi wa bibi yake tu. Na maziwa tuliyotia kwenye kibuyu changu safi hayakuganda. Yalioza. Siku ya pili mtoto alilegea mikononi mwangu, nikaogopa kweli kweli.

Mama mkwe alikinusa kibuyu, akaniangalia.

"Umewafukuza wenye kibuyu," alisema.

Nililia, nikakiri. Hakunigombeza. Alijifunga kanga, akaenda kwa miguu kijiji cha pili kwa binti yake, ambaye siku ya kuolewa alipewa na mama yake mbegu ya mtindi kutoka kibuyu hichohicho. Akarudi na kikombe kimoja kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Tukamimina mtindi ule kibuyuni, tukaongeza maziwa, na kesho yake yakaganda. Mtoto akanywa, akadai mengine.

Siku hizi mjukuu wangu, daktari pale Bukoba mjini, hunieleza kwamba matumboni mwetu wanaishi vijidudu wema wasiohesabika, na dawa kali huweza kuwapunguza. Namwambia nawafahamu, niliwahi kuwakosea.

Basi, asubuhi ya tatu tangu aanze kunywa mtindi ule, mtoto akapata choo kigumu, choo cha mtu mwenye afya zake. Mama mkwe akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio kupitia migombani wakidhani kuna posa. Naye akawaonyesha! Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Walipouliza mtoto amepona vipi, alinishika mkono.

"Mkamwana wangu ndiye aliyemnywesha," alisema.

Kosa langu mama mkwe hakumwambia mtu, mpaka siku tulipomzika.