Foronya za Mama wa Bodo

Chumba ninachofundishia kilikuwa baraza ya nyuma kabla sijakizungushia ukuta. Kina madirisha mawili, meza ndefu iliyotengenezwa na seremala wa hapa hapa Msambweni, cherehani tatu za stima, na moja ya miguu ambayo marehemu mama yangu aliniachia. Hiyo ya miguu wageni huipiga picha tu, lakini stima ikipotea ndiyo inayotuokoa. Jumamosi nyingine huja wanawake wa Diani wenye magari, wanaotaka kushona picha za samaki na mikoko kwa vipande vya leso kuukuu. Siku za kawaida huja wanawake wa huku kwetu, na hao ndio ninaowafokea.

Maana mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikiona mtu anavuta kitambaa chini ya sindano kama anayevuta mbuzi kwenda sokoni, sauti inanitoka kabla sijaiita. Kisha moyo unatulia na ninaleta mahamri. Wanafunzi wangu wamezoea. Husema mwalimu akishapiga kelele, chai imekaribia.

Kudarizi kwa cherehani si sawa na kushona nguo. Unaposhona nguo, yale meno yaliyo chini ya sindano hukivuta kitambaa yenyewe, na mstari hunyooka hata ukiwaza mambo mengine. Unapodarizi unayateremsha meno, unautoa mguu wa cherehani, unakibana kitambaa kwenye fremu ya duara, halafu mikono yako ndiyo inayokiendesha. Sindano inapiga pale pale ilipo. Mkono ukisita, uzi unaonyesha. Ukitetemeka, unaonyesha vilevile.

Kwa hiyo siku alipokuja yule mama wa Bodo, nilimtazama mkono kabla sijamtazama uso.

Alipiga hodi akiwa bado njiani, akakaribia, tukaamkiana. Yeye ni mkubwa kwangu, umri wa dada yangu wa kwanza, nikampa shikamoo akaitikia marahaba, akaniuliza watu wa nyumbani, mvua, hata kuku wangu aliowaona uani. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani na ule wa kushoto ulikuwa umeushika, kama mtu anayemtuliza mtoto. Baada ya salamu ndipo aliponieleza haja yake. Alikuwa amepata kiharusi, na Mungu alikuwa amemrudishia miguu kwa kiasi chake, lakini mkono ulikuwa umerudi nusu. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Na kwao, katika ukoo wao, mama wa biharusi ndiye anayezidarizi foronya mbili za kitanda cha harusi, kwa mkono wake mwenyewe. Mamake alimdarizia yeye. Yeye alimdarizia binti yake wa kwanza, kwa sindano ya mkono, na watu walikuwa wakitoka Funzi kuja kuziangalia.

"Sasa sindano haishikiki," akasema. "Inaanguka."

Nikamwambia foronya nzuri zimejaa madukani Ukunda, na kwamba mimi mwenyewe ningeweza kumdarizia. Akatabasamu kwa adabu.

"Za dukani kila mtu anazo, mwalimu. Na zako zitakuwa zako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nifunze hiyo cherehani."

Nilimwambia ukweli, kwa sababu sijui kusema vingine: cherehani haimsaidii mtu mwenye mkono unaotetemeka, inamuumbua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha cherehani iliyo karibu na dirisha, akauliza mguu unakanyaga wapi.

Tulianza kwa vitambaa vya ovyo. Mguu wake wa kulia haukuwa na nguvu, tukahamisha pedali upande wa kushoto. Fremu ilimtoroka, sindano zikavunjika, uzi ukafanya mafundo chini kama nywele za mtu aliyelala nazo zikiwa na maji. Nilipiga kelele, naye akacheka. "Mwalimu, hata mume wangu hakunifokea hivi, na Mungu amrehemu." Wenzake darasani wakacheka pia, na mimi nikaenda kuweka chai.

Hao wenzake walikuwa wawili. Mmoja ni mke wa mkata miwa kutoka Ramisi, mwanamke mpole mwenye mkono mwepesi ajabu, aliyekuja kujifunza kutia nakshi kwenye madira ili ayauze. Wa pili ni binti wa bara anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, mwenye mdomo na moyo mkubwa, ambaye siku zake za mapumziko zote alizimalizia kwangu. Wote wawili walimpenda yule mama mpaka ikawa kero. Alipoinua chupa ya chai, chai ikaanza kuruka pembeni mwa kikombe, binti wa hoteli alikuwa ameshafika.

"Mathe, wacha nikumiminie. Utajichoma."

Naye aliiachia chupa, akasema ahsante mwanangu, akauweka mkono mapajani. Ilikuwa hivyo kila siku.

Alipohamia kwenye foronya zenyewe, kitambaa cha bafta nyeupe alichokinunua na kukifua ili kisije kikanywea baadaye, nilimchorea kwa penseli mzunguko wa asmini kama alivyotaka. Akazifuata asmini kwa uzi, naapa alizifuata, lakini zilipinda. Petali moja nene, nyingine nyembamba, nyingine haikufunga. Nilikuwa ninasimama nyuma yake nikijiuma midomo. Mara nyingine nilishindwa nikamwambia, hapa fumua, urudie. Alitazama, akasema itakaa sawa, akaendelea na ua la pili. Foronya zote mbili alizimaliza hivyo. Likabaki pindo tu, na harusi ilikuwa wiki iliyofuata.

Foronya zililala katika kabati langu, kwa sababu biharusi hapaswi kuziona kabla kitanda hakijapambwa, na nyumba yao ya Bodo haina pa kuficha kitu.

Alhamisi moja nilikwenda Munje kumjulia hali shangazi yangu, nikamwachia ufunguo yule dada wa Ramisi ili wao waendelee. Mama wa Bodo hakuja siku hiyo, alikuwa na wageni wa harusi na mambo ya mchele. Nikarudi magharibi nikakuta kumefagiwa vizuri na kabati limefungwa. Sikulifungua.

Jumamosi yake alikuja mapema. Wenzake walikuwa wameshafika kabla yake, nao walikuwa na uso wa watoto walioficha kitu. Akatoa foronya kabatini, akazitandaza mezani, na mimi nikasogea.

Asmini zilikuwa zimenyooka. Kila petali imefunga, kila ua sawa na mwenzake, pindo limekwisha na pembe zake zimekaa. Walikuwa wamezifumua zake zote na kuzidarizi upya siku ile nilipokuwa Munje, dada wa Ramisi akidarizi na binti wa hoteli akifumua. Walisimama wakingoja furaha yake. Na mimi, nisiseme uongo, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa raha. Ilikuwa kazi safi. Ningezitundika ukutani.

Yule mama akapitisha kidole juu ya ua moja. Akaigeuza foronya, akapapasa nyuma, pale uzi unapofungwa, ambapo mtu wa kazi hujua nani ameshona.

"Mmefanya nyinyi?" akauliza.

"Ndiyo, mama," akasema dada wa Ramisi. "Tulitaka usichoke."

"Mungu awalipe kheri. Mmejitesa kwa ajili yangu." Aliyasema kwa moyo wote, na akawashika mikono mmoja mmoja. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akanigeukia. "Mwalimu, nipe kile kisu kidogo cha kufumulia."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mpaka alipokata uzi wa kwanza, binti wa hoteli akapiga ukelele.

"Aki mathe, kwani ni mbaya?"

"Si mbaya, mwanangu. Nzuri sana."

"Sasa?"

"Sasa mwanangu atalalia mkono wa nani?"

Binti akaanza kulia, waziwazi, kamasi na yote. Dada wa Ramisi akatazama sakafu. Mimi hasira zangu zikaja mbio kama kawaida yao. Nikamwambia kitambaa kitajaa matundu kikifumuliwa mara ya pili, siku hazipo, watu watakaokipamba kitanda wana macho na midomo, na kwamba nia ndiyo inayoangaliwa na nia yake Mungu ameshaiona. Nilisema mengi.

Alingoja nimalize. "Umenifunza cherehani, mwalimu, na sitasahau. Lakini mwanangu hukunifunza wewe."

Uso uliniwaka mpaka masikioni, na papo hapo nikajua ninampenda mwanamke huyu. Nikaenda kuleta mahamri.

Kufumua peke yake kulimla Jumamosi nzima, na hata hivyo alipata kuifumua foronya moja tu. Hakutukataza kumsaidia, ila alichagua wapi. Dada wa Ramisi alikilowesha kitambaa na kukipiga pasi ili matundu yajifunge, na mengi yakajifunga. Binti wa hoteli, macho yamevimba, alimtungia uzi. Kuanzia Jumatatu alikuja kila siku kutoka Bodo kwa pikipiki, akifika amejaa vumbi na akicheka.

Jumatano stima ikapotea, na ile pedali ndogo ikawa haina kazi. Ilibaki cherehani ya mama yangu, ambayo ni lazima ikanyagwe kwa miguu miwili, na miguu yake haikuweza. Nilikuwa karibu kusema basi. Binti wa hoteli akavuta stuli, akakaa ubavuni mwake, akaingiza miguu yake chini ya meza.

"Mimi nitakanyaga tu," akasema. "Siguzi kitambaa."

"Taratibu, mwanangu. Nikisema simama, usimame."

Wakaenda hivyo, mmoja miguu, mwingine mikono. Simama. Haya. Simama. Asmini zikatoka zimepinda kama za kwanza, labda zaidi. Mara hii sikumwambia afumue chochote. Jioni alimaliza pindo. Ya pili haikuwa na muda tena, ikabaki kama walivyoidarizi wale wawili.

Alhamisi tulikwenda Bodo sote watatu kupamba kitanda. Chumba kilijaa wanawake, udi, mrehani na asmini za kweli. Zilipotolewa foronya, shangazi mmoja wa biharusi, mtu wa sauti, akainyanyua ile iliyonyooka.

"Masha'Allah, hii ndiyo foronya! Mkono wako umepona, dada!" Akaiweka mbele, upande wa biharusi, akaipigapiga. Ile nyingine aliitazama mara moja, akaisukuma upande wa ukutani anakolala mume, na kuimwagia asmini nyingi.

Huwezi kubishana na shangazi mbele ya kitanda cha harusi. Mama alirudi nyuma akasimama mlangoni akiwa ameushika mkono wake. Niliumia. Nilitaka kufungua mdomo wangu huu usio na breki, na safari hii binti wa hoteli ndiye aliyenikanyaga kidole cha mguu.

Fungate ilipokwisha tukaalikwa tena kule kule Bodo, kumjulia hali biharusi. Alitupokea chumbani kwake, hina bado nyeusi mikononi, akatutandikia mkeka. Kitanda kilikuwa nyuma yake. Nilikiangalia kwa kuibia. Ile iliyonyooka ilikuwa upande wa ukuta, imekaa safi kama ilivyotoka kwenye pasi. Iliyopinda ilikuwa huku mbele, imebonyea katikati, na asmini mbili za pembeni zilikuwa na doa la wanja.

Binti wa hoteli hana subira. "Bibi harusi, umehamisha mito?"

"Nimehamisha usiku ule ule," akasema. Alikuwa na aibu kidogo. "Mume wangu alidhani nataka ule wenye asmini nyingi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Mamake alikuwa ameketi karibu na mlango na alikuwa ametuapisha tangu siku ya kupamba kitanda tusiseme. Biharusi akaivuta ile ya mbele, akaiweka mapajani, akawa anapapasa maua kwa kidole kama mamake alivyofanya mezani kwangu.

"Hii naijua," akasema. "Mkono huu unanimiminia chai kila asubuhi. Lakini ile nyingine, mwalimu, nilitaka nikuulize. Alishona nani?"

Dada wa Ramisi akajifunika leso usoni. Binti wa hoteli alitazama dari.

"Marafiki wa mamako," nikajibu.

"Imenyooka sana," akasema biharusi, kwa adabu zile zile za kwao.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaivuta sinia, akainyanyua chupa ya chai kwa mkono wa kulia. Chai ikaanza kuruka pembeni mwa kikombe. Mkono wa binti wa hoteli ulinyanyuka wenyewe, nikauona, na katikati ya njia ukasimama, ukarudi mapajani. Tukangoja. Sahani zilijaa chai, mkeka ukalowa, na kila mtu akapata kikombe chake.