Mguu wa Fundi Viatu Haudanganyi

Fundi viatu alikuwa na sharti moja: kiatu alichoshona hakimrudii mteja mpaka fundi mwenyewe akivae na kutembea hatua ishirini mbele ya kibanda. "Jicho hudanganya," alisema. "Mguu haudanganyi."

Sharti zuri. Bahati mbaya mguu wenyewe ulikuwa na habari nyingine. Alikuwa na kisukari mwaka wa tisa. Mwanzoni nyayo zake ziliwaka moto kama zimepakwa pilipili, akalalamika hadi majirani wote wakajua. Kisha moto ukazimika, akatangaza kwamba amepona. Muuguzi alipomwambia hiyo ni ganzi, si nafuu, na kwamba azikague nyayo zake kila jioni, alicheka.

"Mimi nikague miguu? Ninayekagua miguu ya mtaa mzima?"

Mkewe aliona zaidi. Alimwona akinyanyua magoti juu, akibwaga nyayo chini pa, pa, macho yakitafuta ardhi.

"Baba watoto, mbona unatembea kama jogoo kwenye tope?"

"Natembea kwa heshima, mama."

Asubuhi moja mwalimu alifuata kiatu chake cha kulia, kilichobadilishwa soli. Fundi akakivaa, akahesabu hatua zake ishirini kwa madaha, akakivua.

"Hiki, mwalimu, kitakufikisha mwisho wa dunia."

Mwalimu akaingiza mguu, akautoa upesi.

"Fundi, humu mna msumari."

"Haiwezekani. Nimetoka kutembea nacho sasa hivi."

"Ndiyo. Tazama soksi yako."

Soksi ilikuwa imelowa damu. Mtu mwenye akili timamu angekwenda zahanati. Fundi alikwenda kwenye ndoo ya kulowekea ngozi, akanawa humo, akafunga kidonda kwa kitambaa cha kufutia rangi, kisha akamsihi mwalimu asimwambie mkewe. Kukiri kidonda kungekuwa kukiri kwamba mguu hudanganya, na mtu wa msimamo hakiri mambo ya ovyo.

Akaficha siku kumi. Kwa kuwa hakikumuuma, akakihesabu kimepona, na akaendelea kuwapimia wateja viatu. Siku ya kumi na moja mkewe alifuata harufu hadi chini ya kitanda, akakuta soksi. Akamvuta mumewe kwa mkono hadi hospitalini.

Walimkata kidole gumba cha mguu wa kulia na kile kinachokifuata. Kibanda kilifungwa miezi mitano.